Mashine Iliyo Katikati

Tarehe 5 Mei 2025 Skype ilizimwa. Microsoft, iliyoinunua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, ilitangaza uamuzi huo mwishoni mwa Februari, ikawaambia watumiaji wahamie Teams au wapakue kumbukumbu zao. Kwa familia nyingi za huku kwetu, Skype ilikuwa zaidi ya programu. Kabla simu janja hazijaenea, mzazi wa Tanga au Mombasa aliyetaka kuuona uso wa mwanawe aliyeko London au Toronto alikwenda intaneti kafe, akavaa vipaza sauti vya masikioni, akangoja ule mlio wa kuunganishwa. Miaka yote hiyo ya mazungumzo, majina ya watu na salio la kupigia simu za kawaida vilikuwa mikononi mwa kampuni moja, na kampuni ilipoamua imetosha, ikawa imetosha.

Lakini kuna sehemu ya Skype ambayo haikuzimika. Wahandisi wake walitengeneza kodeki, yaani njia ya kuibana sauti ili ipite kwenye mtandao mwembamba, wakaiita SILK. Kampuni iliitoa itumiwe bila malipo, ikaunganishwa na kazi ya kikundi cha Xiph, ikazaliwa kodeki ya Opus, ambayo IETF, shirika linaloweka viwango vya intaneti, liliichapisha Septemba 2012. Fungua folda ya jumbe za sauti za WhatsApp kwenye simu ya Android utaona majina ya mafaili yanaishia na opus. Vivinjari vya leo vinapobeba simu za sauti hutumia Opus hiyohiyo. Mwenye Skype alifunga mlango wake, lakini kile alichokwisha kukitoa wazi hakuwa na uwezo wa kukirudisha ndani.

Basi ninapoulizwa na chama cha akiba na mikopo, shule, kanisa, msikiti au familia iliyotawanyika, watumie nini badala ya Zoom na WhatsApp, sianzi kwa kutaja jina la programu. Ninauliza mashine iliyo katikati ni ya nani. Karibu kila ujumbe na kila mkutano wa video hupitia seva fulani mahali fulani. Nani anaiendesha? Analipwa na nani? Na siku akichoka, akiuzwa au akifungiwa, kuna mwingine anayeweza kuipokea kazi hiyo watu wakaendelea kuzungumza? Programu huria hujibu swali la tatu. Mawili ya kwanza inatubidi tuyajibu wenyewe, na hapo ndipo watu wengi wenye nia njema wanapokosea.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuutumia kwa kazi yoyote, kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Bei ni jambo jingine kabisa. Zoom na Google Meet hutumika bila kulipa, ila msimbo umefungwa, na mwenye nazo ndiye anayeamua mkutano wa kikundi usiolipiwa ukatike baada ya dakika 40, kama afanyavyo Zoom, au baada ya saa moja, kama afanyavyo Google. Msimbo uliofungwa una hasara kubwa zaidi ya hiyo. Mwaka 2020, dunia nzima ilipojifungia ndani, Zoom ilikuwa ikitangaza kwamba mikutano yake ina usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, yaani kwamba washiriki tu ndio wenye ufunguo. Haikuwa kweli. Funguo zilikuwa kwenye seva za kampuni, na Novemba mwaka huo Zoom ikalazimika kufikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani. Mamilioni ya watu walikuwa wameshafungua mioyo yao humo, pamoja na madaktari na wagonjwa wao, wakitegemea neno la tangazo.

Nieleze pia kuhusu Telegram, kwa sababu ndiyo jina la kwanza kutajwa mtu anapotaka kuikimbia WhatsApp. Programu ya Telegram iliyoko kwenye simu yako ina msimbo wazi. Seva zake hazina. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayana usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Ni mpaka uanzishe mazungumzo ya siri ya watu wawili ndipo unaupata, na makundi hayana kabisa. Maana yake ni kwamba kamati ya chama inayojadili mikopo ya wanachama kwenye grupu la Telegram imemwachia mwenye seva uwezo wa kusoma kila neno. Kwa usiri wa maneno, WhatsApp inaishinda Telegram kwa mbali, na simwelewi mshauri anayemhamisha mtu kutoka ya kwanza kwenda ya pili akimwambia anapata faragha. Kwa matangazo ya hadhara na kusambaza mafaili makubwa, sawa. Kwa mambo ya ndani, hapana.

Maneno yanayopita WhatsApp yanalindwa vizuri, na ulinzi wenyewe umetoka kwenye programu huria. Itifaki ya Signal, iliyobuniwa na Moxie Marlinspike na Trevor Perrin, ndiyo iliyoingizwa ndani ya WhatsApp na kukamilika Aprili 2016. Tatizo la WhatsApp liko kwenye yale yanayouzunguka ujumbe: nani kamwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi, yuko kwenye makundi gani, namba zipi zimo kwenye simu yake. Mwenye WhatsApp ni Meta, kampuni ambayo mapato yake hutoka kwenye matangazo ya biashara, na taarifa za aina hiyo kwake ni mali. Ongeza nakala za akiba zinazokwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni: usimbaji wake upo tangu mwishoni mwa 2021, lakini ni lazima uuwashe mwenyewe, na wengi wa wale ninaowasaidia huwa hawajauwasha.

Signal, programu huria ya ujumbe na simu, imejengwa ili isijue hayo. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliiamuru itoe taarifa za mtumiaji, na ilichoweza kutoa ni tarehe ya kufunguliwa akaunti na tarehe ya mwisho kuunganishwa na seva. Hakukuwa na kingine cha kutoa. Ushahidi wa aina hii una uzito kuliko ahadi yoyote ya faragha iliyoandikwa kwenye tovuti, kwa sababu ulipatikana chini ya shinikizo la sheria.

Na Signal inalipwa na nani? Swali hili wamelijibu wenyewe hadharani. Inaendeshwa na taasisi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa 2018 kwa mtaji wa dola milioni 50 kutoka kwa Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wawili wa WhatsApp, baada ya kuachana na Facebook, ambayo leo ndiyo Meta. Novemba 2023 taasisi hiyo ilichapisha hesabu zake. Kutuma namba za uthibitisho kwa SMS pekee kulikuwa kunagharimu takriban dola milioni 6 kwa mwaka. Kupitisha simu za sauti na video kulikula kama petabaiti 20 za data na dola milioni 1.7. Walikadiria kwamba kufikia 2025 wangehitaji kama dola milioni 50 kila mwaka, ingawa wafanyakazi wao walikuwa kama hamsini tu. Ninazitaja hesabu hizi ili msomaji aone kwamba kitu tunachokitumia bila kulipa kuna mtu anakilipia. Kwa Signal ni wafadhili na wachangiaji wadogowadogo. Kama kikundi chako kinaitegemea na kina uwezo, mchango wa shilingi chache kwa mwaka ni sehemu ya kuichagua.

Ina udhaifu wake na sitaki kuuficha. Seva yake ni moja, inaendeshwa na taasisi moja, juu ya mitambo ya kukodi ya makampuni makubwa ya Marekani. Oktoba 20, 2025, mitambo ya Amazon ilipopata hitilafu, Signal nayo ilitetereka. Msimbo wa seva uko wazi, lakini kati ya 2020 na 2021 ulikaa karibu mwaka mzima bila kuchapishwa upya, jambo lililowaudhi wengi, nami nikiwa mmoja wao. Bado unahitaji namba ya simu kujiandikisha, ijapokuwa tangu Februari 2024 unaweza kuificha na kujulikana kwa jina la mtumiaji. Pamoja na hayo yote, kwa familia, kwa kamati ndogo, kwa mwanasheria na mteja wake, kwa mwandishi wa habari, jibu langu ni Signal na sisitisiti. Makundi yake hufika watu 1,000, na simu zake za video za kikundi zinatosha kabisa ukoo kukutana Jumapili jioni.

Mkutano rasmi ni kazi nyingine. Hapa watu wanaingia kwa kiungo, wengine hawajulikani kwa namba, mtu anataka kuonyesha kilichopo kwenye kompyuta yake, na mwenyekiti anataka kuwanyamazisha wanaopiga kelele. Programu huria iliyokomaa kwa kazi hii ni Jitsi. Ilianza 2003 kama mradi wa Emil Ivov, mwanafunzi Mbulgaria aliyekuwa akisoma Strasbourg, Ufaransa. Kampuni ya Atlassian iliinunua timu ya Jitsi 2015, kisha 8x8 ikaichukua 2018. Angalia mkondo huo: imeuzwa mara mbili, na haikufa wala kufungwa, kwa sababu msimbo uko chini ya leseni ya Apache na yeyote anaweza kuiendesha kwenye seva yake bila kumwomba ruhusa mwenye kampuni. Skype nayo ilipita mikono kadhaa, na mwisho wake tumeuona.

Wengi huijua Jitsi kupitia meet.jit.si, seva ya hadhara ya 8x8. Zamani ulikuwa unaandika jina la chumba na kuingia. Tangu Agosti 2023 anayefungua chumba lazima ajitambulishe kwa akaunti ya Google, Facebook au GitHub, baada ya wahuni kuvitumia vyumba hivyo vibaya. Uamuzi unaeleweka, lakini unaonyesha kile ninachokisema: programu ni ileile huria, na masharti yamebadilika kwa sababu mashine ni ya mtu mwingine. Jambo la pili ni usiri. Kwenye mkutano wa watu watatu au zaidi, picha na sauti husimbwa kutoka kwako hadi kwenye seva, pale hufunguliwa, kisha husimbwa tena kwenda kwa wenzako. Anayeendesha seva anaweza, akitaka na akijua namna, kusikia. Jitsi ina usimbaji wa mwisho hadi mwisho unaowashwa kwa hiari, ila haufanyi kazi kwenye kila kivinjari na kila simu. Kwa hiyo anayeongoza kikao cha nidhamu au cha afya za watu asitumie seva asiyoijua, hata kama programu yake ni huria.

Kuendesha Jitsi yenu wenyewe hakuhitaji chumba cha mitambo. Kompyuta ya kukodi yenye viini vinne na gigabaiti 8 za RAM inatosha mikutano ya chama cha kawaida. Kinachobana ni upana wa njia ya mtandao, na hesabu yake inafaa kila katibu aijue. Seva ya Jitsi haichanganyi picha zote kuwa moja. Inapokea picha ya kila mshiriki na kuisambaza kwa wengine. Watu 20 wakiwasha kamera, kila mmoja akituma nusu megabiti kwa sekunde, seva inapaswa kutoa mikondo 20 mara 19, yaani 380, ambayo ni megabiti 190 kwa sekunde. Jitsi hupunguza kwa kutuma picha ndogo za wasiozungumza, lakini mwelekeo ni huo: mzigo hukua kwa kasi kuliko idadi ya watu. Kamera zikizimwa na kubaki ya msemaji, mikondo ya video hushuka kutoka 380 hadi 19. Kanuni ya nidhamu kwenye mkutano, kamera kwa anayeongea tu, huokoa zaidi ya kununua seva kubwa.

Kisha kuna suala la mahali seva ilipo, ambalo kwa maoni yangu halijapewa uzito unaostahili katika Afrika Mashariki. Mwalimu aliyeko Mwanza akizungumza na mwenzake wa Dodoma kupitia seva iliyoko Frankfurt, sauti inavuka bahari mara mbili ili isafiri ndani ya nchi moja. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya, Uganda na majirani ikadhoofika kwa siku kadhaa. Huduma zilizokuwa nje ya bara zilitatizika. Lakini njia za ndani, zinazokutana kwenye vituo vya kubadilishana mtandao kama TIX cha Dar es Salaam na KIXP cha Nairobi, hazipiti kwenye nyaya hizo. Seva ya mikutano iliyowekwa ndani ya nchi ingeendelea kuwahudumia waliomo nchini. Zoom na Meet zina mitambo zinakoamua zenyewe. Programu huria inakupa wewe haki ya kuchagua jengo. Kwa taasisi zenye wajibu chini ya sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 au ya Tanzania ya 2022, haki hiyo inarahisisha pia kujibu swali la taarifa za watu zinahifadhiwa wapi.

Kwa kufundishia, usiende Jitsi, nenda BigBlueButton. Ilianzishwa 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, Kanada, na walioibuni walikuwa wakifikiria darasa, hawakuwa wakifikiria ofisi. Ina ubao wa kuandikia unaoweza kuwapa wanafunzi kalamu, vyumba vidogo vya majadiliano, kura za papo hapo na maandishi ya pamoja. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022, Moodle huja nayo ndani, na Moodle ndiyo inayotumiwa na vyuo vyetu vingi. Seva yake ni nzito: waandaaji wanataka gigabaiti 16 za RAM na viini vinane kwa kazi ya kweli. Ndiyo maana inafaa iendeshwe kwa ushirika. Nchini Kenya, KENET, mtandao wa elimu unaounganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti, uliiweka BigBlueButton kwenye mitambo yake iwahudumie wanachama wake. Huo ndio mfano ninaotamani kuuona kwingine: taasisi nyingi, mashine moja, mafundi wanaolipwa mshahara, na hakuna shule inayohangaika peke yake. Jumuiya za madhehebu zenye shule nyingi zinaweza kufanya hivyo, na vilevile miungano ya vyama vya ushirika.

Ujumbe wa ofisini ni eneo ambalo wapenzi wa programu huria hushauri haraka mno. Jina linalotajwa ni Matrix, itifaki iliyozinduliwa 2014 na Matthew Hodgson na Amandine Le Pape, ambayo programu yake maarufu ni Element. Wazo lake ni zuri sana: kila taasisi iwe na seva yake, na seva zizungumze baina yao kama barua pepe, kwa hiyo mashine ya katikati hakuna, ziko nyingi. Serikali ya Ufaransa ilijenga juu yake Tchap, iliyozinduliwa 2019 kwa watumishi wa umma, na jeshi la Ujerumani lina BwMessenger. Nchi zilizojipanga zimeona kwamba maongezi ya watumishi wao hayapaswi kukaa kwenye seva za nchi nyingine, na ningependa wizara zetu, ambazo leo huagizana kazi kwenye makundi ya WhatsApp ya namba binafsi, zifikirie hivyo. Lakini Ufaransa ina wahandisi wanaoishughulikia Tchap kila siku. Seva ya Matrix hula diski na kumbukumbu, na mtumiaji hutakiwa kuthibitisha vifaa vyake na kutunza ufunguo wa kurejesha ujumbe. Kikundi cha akina mama wajasiriamali kisichokuwa na fundi kitapoteza mazungumzo yake ndani ya miezi michache. Nikiombwa ushauri na ofisi ndogo yenye fundi mmoja, huielekeza kwenye XMPP, itifaki ya tangu 1999 ambayo seva yake huhudumia mamia ya watu kwenye kompyuta duni kabisa, pamoja na programu ya Conversations kwa Android.

XMPP ina historia inayopaswa kumtahadharisha kila anayechagua. Google Talk ilizinduliwa 2005 juu ya itifaki hiyo, na mwaka uliofuata ikafungua milango: mwenye Gmail aliweza kumwandikia mtu wa seva nyingine yoyote. Mwaka 2013 Google ilihamia Hangouts na kuvunja muunganiko huo. Watu wa seva ndogo waliamka wakakuta marafiki zao wote wako upande wa pili wa ukuta. Itifaki ilibaki huria, na watu wakawa hawafikiki. Kwa hiyo unapochagua, angalia pia mizani: kama karibu wote unaozungumza nao wako kwenye seva ya mmoja, huyo mmoja anaweza kukufungia hata bila kugusa leseni.

Sasa nifike kwenye kikwazo ambacho makala za Ulaya kuhusu jambo hili hazikigusi, kwa kuwa waandishi wake hawakijui: bando. Mitandao ya simu huku kwetu huuza vifurushi vya mitandao ya kijamii, ambavyo kwa bei ndogo humpa mtu WhatsApp, Facebook na nyingine chache. Nje ya orodha hiyo, data inahesabiwa kwa bei kamili, au hakuna kabisa. Mtu mwenye kifurushi cha WhatsApp akiombwa aje Signal au Jitsi, anaombwa alipe zaidi kwa kitu ambacho kwake kinafanya kazi ileile. Mpaka hapo maelezo yote ya faragha na uhuru hayamsaidii. Uganda ilikwenda mbali zaidi Julai 2018 ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, kodi iliyodumu mpaka 2021. Uamuzi wa programu ipi ishinde unafanywa pia kwenye meza za bei za kampuni za simu na kwenye bajeti za serikali. Mashirika ya watumiaji yangefanya kazi kubwa kuliko washauri kama mimi kama yangedai kifurushi kimoja chenye bei nafuu kinachofungua kila kitu, badala ya kile kinachotuchagulia.

Wakati tunasubiri hilo, sauti ndiyo mwokozi. Kwa Opus kwenye kilobiti 32 kwa sekunde, saa nzima ya kusikiliza hula takriban megabaiti 14 na nusu, na nyingine kiasi hicho kwa kusema bila kunyamaza. Video ya wastani, kilobiti 600 kwa sekunde, hula megabaiti 270 kwa saa kila upande. Chama kinachofanya kikao cha sauti, kamera ikiwashwa wakati wa salamu na wakati wa kura tu, kinaweza kuwa na wanachama wenye data kidogo kwenye programu yoyote huria niliyoitaja. Ninashangaa ni mara ngapi kikao cha saa mbili kinapotea kwa sababu watu ishirini wanatazamana dari za nyumba zao.

Kwa wenye jamaa Ghuba, hali ni tofauti. Falme za Kiarabu na Oman zimezuia kwa miaka mingi simu za sauti na video za WhatsApp, ingawa maandishi hupita, na wanaofanya kazi huko hulazimika kutumia programu zilizopewa kibali. Programu kuwa huria hakuiondoi kwenye sheria hizo. Kabla ya familia kuamua, aulizwe kwanza aliyeko Muscat au Dubai ni kipi kinachofanya kazi kwake kihalali, kwa sababu yeye ndiye mwenye kuhatarisha kibali cha kazi. Na ujumbe wa sauti uliorekodiwa, ukatumwa kama faili, hubeba karibu kila kitu ambacho simu ingebeba, isipokuwa kukatizana.

Kuna pia siku za kufungiwa. Uganda ilizima intaneti yote Januari 2021 wakati wa uchaguzi; Tanzania ilibana mitandao Oktoba 2020 na kuzima Oktoba 2025; Kenya ilizuia Telegram wakati wa mitihani ya kumaliza sekondari, KCSE, mwaka 2023 na 2024. Pale inapozuiwa programu moja kwa jina, kuwa na ya pili ambayo kikundi kimeshaizoea kunasaidia, na seva ndogo yenu isiyojulikana na mtu mara nyingi haimo kwenye orodha. Intaneti nzima ikizimwa, Signal, Jitsi na Matrix zote hunyamaza. Briar, programu huria ya Android, hupitisha ujumbe kwa Bluetooth na Wi-Fi kati ya simu zilizo karibu, na umbali wake ni wa chumba au uwanja. Haufiki mji mzima. Mtu asiuziwe matumaini kuliko hayo.

Kuhusu kuhama kwenyewe, nimeona majaribio mengi yakifa kwa sababu moja: kiongozi mwenye shauku anatangaza kwamba kuanzia Jumatatu WhatsApp basi. Wiki ya pili nusu ya watu hawapo, wiki ya nne yeye mwenyewe amerudi. Hamisha kazi moja, siyo watu wote. Anza na mkutano wa kamati, kwa sababu wajumbe ni wachache na mambo yao ni ya siri, na hauhitaji mtu kuacha grupu la harusi ya shangazi yake. Mkutano ukizoeleka Jitsi, hamisha kumbukumbu na mafaili. Ujumbe wa kila siku uwe wa mwisho, na kama hautahama kamwe, wewe umeshapata sehemu yenye uzito zaidi.

Mkiamua kuwa na seva yenu, andikeni kwenye muhtasari wa kikao majina ya watu wawili, siyo mmoja, wenye neno la siri la kuisimamia, na mhazini aweke kwenye bajeti ada ya seva na ada ya jina la tovuti kwa mwaka mzima, pamoja na malipo ya fundi wa kusasisha programu kila mwezi. Seva ya chama huendeshwa na kijana mmoja kwa moyo wa kujitolea mpaka anapopata kazi mjini au kuhama nchi, na ada ya jina la tovuti iliyokuwa ikikatwa kwenye kadi yake hukoma kulipwa. Kabla ya kuamua programu, fanyeni kikao cha majaribio cha nusu saa, na anayeamua kama imefaulu awe yule mjumbe mwenye simu ya zamani kuliko wote na mtandao hafifu kuliko wote.